Land Rover ya jeshi katika mali ya marehemu

Mtu anapofariki dunia, nyumba yake na fedha zake za benki haziwasumbui sana warithi kuzithamini. Nyumba ina jirani yake iliyouzwa juzi, na fedha zina tarakimu zake. Kinachowatatiza ni kile kitu ambacho marehemu alikipenda peke yake: alikinunua kwa ubishi, akakishughulikia Jumamosi baada ya Jumamosi, na hapana mwingine nyumbani aliyejua kina thamani gani. Katika baadhi ya familia zilizohamia Uingereza kutoka pwani yetu, kitu hicho kimesimama uani chini ya turubai, rangi yake ya kijani imefifia, na magurudumu yameanza kuzama ardhini. Ni Land Rover iliyokuwa mali ya jeshi la Uingereza.

Anayeuliza kwa nini mzee wa Unguja au Mombasa ajitwishe gari la namna hiyo hakukulia Afrika Mashariki. Landrova ya "mia na tisa", yaani yenye inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, ndiyo iliyowafikisha bwana shamba na bwana afya vijijini, ndiyo iliyobeba wagonjwa, maiti na maharusi katika njia ambazo gari jingine halikuthubutu kupita. Mpaka leo Mtanzania akisema "difenda" anamaanisha gari la polisi, na Oktoba 2024 wenye magari haya walikusanyika Arusha kwa tamasha lao. Mtu mwenye kumbukumbu hizo akifika Uingereza, akatambua kwamba kiwanda chenyewe kiko Solihull, pembeni mwa Birmingham, na kwamba jeshi la huko huyauza kwa raia magari yaliyomaliza utumishi, si ajabu akafungua mkoba. Kwa miaka mingi minada ya Ruddington, karibu na Nottingham, ilikuwa mahali pa kuyapata.

Basi tuseme mzee huyo amekwenda mbele ya haki. Ameacha mjane, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili, na binti mdogo hajabaleghe. Wazazi wake walimtangulia. Baada ya gharama za maziko, madeni na wasia, mjane ana thumni, na kinachobaki wanagawana watoto, wa kiume fungu mbili na kila binti fungu moja. Tukiigawa mali yote katika mafungu 32, mjane ana 4, mtoto wa kiume 14, na kila binti 7. Gari halikatwi mafungu 32. Ama mrithi mmoja alichukue kwa thamani ya haki na kuwafidia wenzake, ama liuzwe zigawanywe fedha.

Hapa pana jambo ambalo familia nyingi hazilijui. Kwa sheria ya Uingereza na Wales, mtu asipoacha wasia ulioandikwa, vitu vyake vya matumizi binafsi, gari la nyumbani likiwamo, humwendea mwenzi wake wa ndoa inayotambuliwa na serikali. Kwa hiyo yamkini mjane akawa ndiye mwenye gari lote machoni pa sheria ya nchi, ilhali mbele ya Mola wake ana mafungu 4 tu, na yale 28 ameyashika kwa amana. Hakuna hakimu atakayemdai. Akija mtu wa kwanza mlangoni, nao aghalabu huja mapema mno, akasema, "Mama, hicho ni chuma chakavu, nitakuondolea kwa hisani," mjane akashukuru na kumkabidhi funguo, alichokitoa sadaka si chake. Ndani yake mna mafungu 7 ya yatima.

Kwa hiyo suala la kwanza si bei. La kwanza ni kujua kilichoko chini ya turubai.

Land Rover ilioneshwa kwa mara ya kwanza katika maonesho ya magari ya Amsterdam, tarehe 30 Aprili 1948. Vita vilikuwa vimeacha uhaba wa chuma cha pua nchini Uingereza, na ndiyo sababu bodi yake ikaundwa kwa bati la alumini juu ya chesisi ya chuma. Ndoa hiyo ya metali mbili ndiyo siri ya gari hili na ndiyo maradhi yake, kama tutakavyoona. Jeshi la Uingereza lilianza kuyanunua mapema, na baada ya muda likaagiza ya namna yake. Mojawapo ni ile iitwayo Lightweight, iliyotoka kati ya 1968 na 1984. Ilipunguzwa upana kwa inchi 4 hivi, na milango, paa na vipande vya bodi vikafanywa vya kufunguka ili helikopta iweze kuinyanyua. Jina lake maana yake ni "nyepesi", nalo ni jina la kuchekesha kidogo, kwani ikiwa imevaa vyote vyake ilikuwa nzito kuliko Land Rover fupi ya raia. Katikati ya miaka ya 1990 ikaja Wolf, ambayo ni Defender iliyoimarishwa chesisi, ekseli na magurudumu kwa kazi ya jeshi. Mtu wa kawaida akizitazama zote mbili ataona magari mawili ya kijani. Mnunuzi anayejua ataona bei mbili zilizoachana mbali.

Kibao kidogo cha metali kilichopigiliwa ndani ya gari ndicho cheti cha kuzaliwa. Huandikwa nambari ya chesisi, nambari ya mkataba wa jeshi na nambari ya usajili wa kijeshi, ambayo kwa desturi ni tarakimu mbili, herufi mbili, kisha tarakimu mbili. Nambari ya chesisi hugongwa pia kwenye chuma chenyewe cha chesisi, sehemu ya mbele. Nambari ya kibao, ya chuma na ya kadi ya gari lazima ziwe moja. Zikitofautiana, usiandike tangazo lolote mpaka ujue sababu. Huenda chesisi ilibadilishwa kwa halali na risiti iko ndani ya faili la marehemu. Huenda kuna jambo zito zaidi.

Ukishapata nambari ya kijeshi, mlango mwingine unafunguka. Jumba la makumbusho la kikosi cha Royal Logistic Corps, lililoko Worthy Down karibu na Winchester, limehifadhi kadi za kumbukumbu za magari mengi ya jeshi. Kadi ya gari lako, ikipatikana, itakuonesha lilipokelewa lini, lilipelekwa vikosi gani na liliondolewa lini katika utumishi. Na huku si kuridhisha udadisi tu. Gari la jeshi huingia katika usajili wa raia siku linapouzwa, si siku linapoundwa. Land Rover iliyotoka kiwandani 1980 ikauzwa na jeshi 1992 yaweza kuonekana katika kadi ya DVLA, mamlaka ya usajili wa magari ya Uingereza, kama gari la 1992.

Tofauti hiyo ya miaka ina uzito wa fedha. Gari lililotimiza miaka 40 tangu kuundwa, maadamu halikubadilishwa kwa kiasi kikubwa, laweza kuandikishwa kuwa la kihistoria: halilipi kodi ya barabara, halilazimiki kwenda katika ukaguzi wa kila mwaka wa MOT, na huko London halitozwi ada ya ULEZ inayowaelemea wenye magari ya zamani. Kinachohesabiwa ni umri wa kuundwa. DVLA hukubali kusahihisha kadi ikiletewa ushahidi wa kuaminika. Barua moja na wiki chache za kusubiri zinaweza kuigeuza mali ya yatima kutoka gari lisiloweza kuingia mjini bila faini kuwa gari linalotafutwa. Nimeona watu wakitumia fedha nyingi kupaka gari rangi kabla ya kuliuza, na hawakutumia hata stempu kuulizia umri wake.

Hiyo ni thamani yake. Sasa tuingie chini ya gari, ambako muuzaji mwingi hapendi mtu aingie.

Alumini haishiki kutu ya rangi nyekundu tuijuayo, kwa hiyo bodi ya Land Rover yaweza kung'ara ilhali chesisi chini yake imekuwa kama biskuti. Chumvi inayomwagwa barabarani Uingereza wakati wa baridi huingia katika kila tundu la chesisi, ikatulia humo na kula chuma kutoka ndani. Zaidi ya hayo, alumini na chuma vikikutana mahali penye unyevu, alumini yenyewe huanza kuoza na kutoa unga mweupe. Pa kutazama panajulikana: boriti ya nyuma ya chesisi, mikono inayotoka ubavuni mwa chesisi kushikilia bodi, mahali springi zinapofungwa, na ukuta wa chuma unaotenga injini na abiria, hasa pembe zake za juu na pale miguu inapokanyaga. Fundi huja na nyundo ndogo. Chuma kizima hulia kama kengele. Kilichooza hujibu kwa sauti ya kikapu.

Ndipo hujitokeza ile hila kongwe. Chesisi hupakwa lami nyeusi au oili nzito, mpya, inang'aa, siku tatu kabla mnunuzi hajafika. Kupaka mafuta ya kuzuia kutu ni tendo jema, na marehemu alifanya hivyo kila mwaka. Kupaka ili kufunika tundu ni jambo jingine kabisa. Tofauti yake haionekani katika lami, imo ndani ya nia, nayo huthibitika pale mnunuzi anapouliza, "Chini hapa pana nini?" Ushauri wa mafundi kwa muuzaji ni kuliosha gari chini, kulipiga picha likiwa limeoshwa, na kuziweka picha hizo za kutu mbele pamoja na zile nzuri. Huwafukuza wanaotafuta kitu cha kununua kwa dakika tano na kuwabakiza walio tayari kulipa.

Umeme nao una habari yake. Magari ya jeshi yaliyotayarishwa kwa redio za upepo hutumia volti 24 na betri mbili, si volti 12 za kawaida. Taa, swichi na jenereta yake si za duka la jirani. Anayeuza bila kulitaja hilo anamtegea mwenzake gharama. Isitoshe, magari hayo yalisimama muda mrefu injini ikinguruma ili betri za redio zijae, kwa hiyo umbali mdogo kwenye kipimo si ushahidi kwamba injini haikuchoka. Na kipimo chenyewe kisomwe vizuri, kwani baadhi ya magari ya jeshi huhesabu kilomita, si maili. Kuandika "maili" mahali palipo kilomita ni kosa dogo la kalamu linaloweza kuibua ugomvi mkubwa.

Kisha kuna hadithi. Kila Land Rover ya kijani, ukiwasikiliza wauzaji, ilipigana Falklands mwaka 1982 au ilivuka jangwa katika vita vya Ghuba mwaka 1991. Zile maarufu za kikosi cha SAS zilizopakwa rangi ya waridi kwa ajili ya jangwani zilikuwa 72 tu, lakini zilizopakwa rangi hiyo baadaye na raia hazina idadi. Kama kadi ya makumbusho inasema gari lilikaa miaka tisa katika bohari nchini Ujerumani na kuendeshwa na karani, andika hivyo hivyo. Wanunuzi wa magari haya wanazisoma kadi hizo kama sisi tunavyosoma nasaba, na gari la karani lililotunzwa ghalani mara nyingi ndilo zima kuliko la shujaa.

Wauzaji wengi hudhani wanajikinga na haya yote kwa maneno mawili: "linauzwa lilivyo". Maneno hayo yana historia katika fikihi. Imamu Malik amepokea katika Muwatta kwamba Abdullah bin Umar aliuza mtumwa kwa dirhamu 800, kwa sharti kwamba hadaiwi kwa kasoro yoyote. Mnunuzi akarudi akilalamika kwamba mtumwa ana maradhi ambayo hakuelezwa. Shauri likafika kwa Khalifa Uthman bin Affan, naye akahukumu kwamba Abdullah aape kuwa alipomuuza hakujua maradhi hayo. Abdullah hakukubali kuapa, akamrudisha mtumwa kwake. Baadaye mtumwa yule alipona, na Abdullah akamuuza kwa dirhamu 1,500. Wanazuoni wametofautiana juu ya upeo wa sharti kama hilo katika mauzo, lakini hakuna aliyehalalisha kuficha ila unayoijua. Swali la Uthman ndilo linalomhusu mjane wetu na mwanawe: ulijua, au hukujua?

Mjane anaweza kusema kwa ukweli kwamba hajui lolote kuhusu gia boksi. Hilo ni jawabu halali, na alitoe wazi. Ila kama mwanawe alikuwa akimsaidia baba yake Jumamosi zile, na anajua kwamba gia ya pili hurushwa nje gari likiteremka mlima, ujuzi wake ni sehemu ya mauzo. Sheria ya nchi haiko mbali sana na hapo. Huko Uingereza mtu binafsi anayeuza gari kwa mwingine hana mzigo wote alionao mfanyabiashara, lakini gari lazima lilingane na maelezo yake, kauli ya uongo iliyomshawishi mnunuzi inaweza kuvunja mauziano, na kuuza gari lisilofaa kupita barabarani bila kuweka wazi hali hiyo kwaweza kuwa jinai chini ya Sheria ya Trafiki ya 1988.

Nani atanunua? Wapo wakulima, wapo wakusanyaji wa magari ya kijeshi, na wapo Wamarekani. Sheria ya Marekani huliruhusu gari lililotimiza miaka 25 kuingia bila kutimiza masharti ya usalama ya magari mapya, na kwa sababu hiyo Land Rover za zamani zina soko kubwa huko. Mwezi Julai 2014 maofisa wa Marekani walikamata Land Rover 40 zilizoingizwa nchini humo, kwa madai kwamba utambulisho wake umechezewa ili zionekane kuu kuliko zilivyo. Baadhi ya wamiliki walizigombania na wakarejeshewa. Msukosuko ule ndio uliowafanya wanunuzi wa ng'ambo waulize kibao, nambari ya chesisi na kadi ya jeshi kabla ya kuuliza bei. Kama gari lina usukani kushoto, kama yalivyo mengi yaliyotumika Ujerumani, mnunuzi wa bara la Ulaya au wa Marekani ataliona kuwa lina faida kwake, wakati Mwingereza ataliona kuwa na dosari.

Huenda mmoja wa warithi akasema, na wazo hili huja kwa machozi, "Tulipeleke nyumbani." Heshima ya wazo hilo haipunguzi hesabu yake. Kenya hairuhusu kuingiza magari yaliyopita miaka 8 wala yenye usukani kushoto. Tanzania inaruhusu ya zamani lakini inatoza ushuru wa ziada kwa uchakavu kwa yaliyozidi miaka 8, juu ya nauli ya meli na kodi nyingine. Na katika nchi zetu rangi ya kijeshi si pambo. Raia anayeendesha gari lenye madoadoa ya kijani na nyeusi atasimamishwa kila kizuizi, na itakuwa sawa asimamishwe. Anayelitaka kwa mapenzi na alichukue katika fungu lake, kwa thamani iliyokadiriwa na watu wawili wasio na maslahi, na gharama za meli azibebe mwenyewe bila kugusa za wadogo.

Mauzo yenyewe yafanywe taratibu. Kwanza DVLA iarifiwe kifo, na gari ambalo halina kodi liandikishwe kuwa haliko barabarani, la sivyo faini huanza kuja kwa jina la marehemu. Kadi ya gari ya Uingereza si hati ya umiliki. Imeandikwa hivyo juu yake. Kwa hiyo mnunuzi ana haki ya kuona risiti ambayo marehemu alinunulia, pamoja na karatasi inayoonesha kwamba anayeuza ana mamlaka juu ya mirathi. Warithi waliobaleghe waandike kwamba wameridhia bei, na fungu la asiyebaleghe awepo mtu wa kulisimamia asiye yeye anayelinunua gari. Fedha zithibitike zimeingia katika akaunti kabla funguo hazijatoka mkononi. Siku hiyo hiyo DVLA ijulishwe jina la mwenye gari mpya. Ukichelewa, faini za barabarani zitarudi kwako.

Vifaa vinavyoandamana na gari vinahitaji umakini. Magari haya hubeba sepetu na sururu zilizofungwa ubavuni, na marehemu mara nyingi huwa na sanduku la vipuri ghalani: taa za zamani, vitabu vya jeshi vya mafundi, pengine jeki yenye alama ya mshale mpana wa serikali. Watu hukusanya vitu hivyo na huvilipia. Viorodheshwe kabla ya mapatano, isemwe kipi kimo katika bei na kipi hakimo, na zile risiti za vipuri zilizopakwa grisi ya vidole vya mzee zinakiliwe kabla ya kukabidhiwa, kwani mnunuzi atazitaka za asili na watoto nao watazitaka.